Viatu Ndani ya Msikiti

Kabla ya bunduki kulikuwa na viatu. Wazee wa misikiti ya kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, walianza kwa kuwalalamikia vijana walioingia kuswali bila kuvua viatu, suruali zimekatwa juu ya kifundo cha mguu, vichwa vimenyolewa na ndevu zimeachwa zikue. Baadhi yao walitembea na visu. Walijitenga na mashehe waliowasomesha, wakaswali katika misikiti yao wenyewe, wakawatoa watoto katika shule za serikali. Mwanahistoria Eric Morier-Genoud ameufuatilia mwanzo wa kundi hilo mpaka mwaka 2007 katika wilaya ya Balama, mbali na bahari. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya IESE ya Maputo ilitoa uchunguzi wa Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira juu ya mji wa pwani wa Mocímboa da Praia, nao ukaeleza mavazi na mwenendo huohuo. Tarehe 5 Oktoba 2017, kabla hakujapambazuka, vijana wa kundi hilo walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa. Wenyeji waliwaita mashababi, na wengi wao walikuwa watoto wa mitaa ya hapohapo.

Tangu siku hiyo kila anayeandika juu ya pwani hii anauliza vijana hawa waliipata wapi imani yao. Wako wanaojibu kwamba ilitoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa walimu waliopita Tanzania, Kenya na Somalia. Wengine wanataja umaskini, wengine gesi ya Palma na rubi za Montepuez, wengine uhasama wa Wamwani na Wamakonde. Kila jibu lina sehemu yake ya ukweli. Ila karibu yote yanasimama juu ya dhana moja: kwamba kwanza kitu kilijijenga kichwani mwa kijana, kikakomaa, kisha kikatoka nje kikiwa tendo. Saikolojia ya jamii, taaluma inayochunguza jinsi mtu anavyofikiri na kutenda akiwa mbele ya watu wengine, imekusanya kwa takriban karne nzima ushahidi kwamba mara nyingi njia ni ya kinyume. Mtu hutenda, hutazamwa akitenda, huhesabiwa upande fulani, na imani humkuta huko aliko. Naamini kwa pwani ya Cabo Delgado mwelekeo huu unaeleza mambo ambayo majibu mengine yanayapita, na ndio unaopaswa kuongoza shughuli ya kuwarudisha nyumbani vijana waliotoka msituni kwa mashababi.

Tuanze na nafsi. Mwaka 1902 Mmarekani Charles Horton Cooley aliandika kwamba mtu hujijua kwa kukisia jinsi anavyoonekana na wenzake, na jinsi wanavyomhukumu kwa walichokiona. Mswahili hakuhitaji profesa wa kumweleza hilo. Mtoto wa pwani amelelewa tangu utotoni akiulizwa watu watasemaje. Daryl Bem alikwenda mbali zaidi. Katika makala zake za 1967 na 1972 alidai kwamba mara nyingi hata sisi wenyewe hatuna mlango wa siri wa kuingilia ndani yetu. Tunayajua mawazo yetu kama tunavyoyajua ya jirani, kwa kutazama anachofanya na mazingira anayokifanyia. Nikijiona naswali na viatu mbele ya wazee waliokasirika, wala hakuna aliyenilazimisha, basi bila shaka mimi ni mtu anayeamini kwamba wazee hao wamepotoka.

Leon Festinger alilieleza jambo hilo kwa njia nyingine. Nadharia yake ya 1957 inasema kwamba mtu akitenda jambo lisilolingana na anachokifikiri hupata dhiki ya moyo, na kwa kuwa tendo halirudi nyuma, kinachobadilishwa ni fikra. Mwaka 1959 yeye na James Carlsmith waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford kazi ya kuchosha, kisha wakawaomba wamdanganye mwenzao kwamba inafurahisha. Baadhi walilipwa dola 20 kwa uongo huo, wengine dola 1. Waliolipwa dola 1 ndio waliokuja kuamini kweli kwamba kazi ilikuwa nzuri. Wenye dola 20 walikuwa na sababu mfukoni, kwa hiyo hawakuhitaji kuitafuta moyoni. Mwaka huohuo Elliot Aronson na Judson Mills walionyesha kwamba wanaopitishwa katika mtihani mgumu kabla ya kuingia kikundi hukipenda zaidi kikundi hicho, hata kikiwa hakina la maana.

Sasa tazama alichoombwa kijana wa Mocímboa katika miaka ya mwanzo. Hakuombwa kuua mtu. Aliombwa aache kuvua viatu. Aliombwa asiswali nyuma ya imamu aliyemsomesha Kurani, amtoe mdogo wake shuleni, asile na jamaa walioitwa makafiri. Kila hatua ilikuwa ndogo na kila hatua ilimgharimu: baba alinuna, mjomba alimfukuza, majirani walimcheka. Kadiri gharama ilivyopanda ndivyo ilivyokuwa vigumu kukiri kwamba yote hayo yalikuwa bure. Na malipo ya nje yalikuwa haba, kwa hiyo maelezo yaliyobaki yalikuwa ya aina moja, kwamba jambo hili ni la haki. Zipo habari nyingi za vijana waliopewa fedha za mtaji wa biashara ndogo, au ahadi za kazi, ili waingie kundini. Kwa hesabu ya Festinger hao ndio waliotarajiwa kutoka upesi kuliko wengine, kwani mkononi mwao ilibaki sababu isiyo ya imani. Huo ni ukisiaji wangu kutoka kwenye nadharia, lakini ni ukisiaji unaoweza kupimwa, na kamati yoyote inayowapokea waliojisalimisha ingefaidika kumuuliza kila mmoja aliingiaje, kwa mkopo au kwa mafunzo.

Upo umbali mwingine kati ya kauli na tendo ambao watafiti wa vita hivi wangefanya vyema kuukumbuka. Mwaka 1934 Richard LaPiere alichapisha habari za safari zake nchini Marekani akiwa na mume na mke Wachina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilipokuwa wazi. Walifika katika hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mahali pamoja tu. Baadaye aliwaandikia barua wenye nyumba hizo akiwauliza kama wangempokea Mchina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Kinachosemwa kwa mgeni mwenye dodoso hakikuwa kile kilichotendwa mlangoni. Mwanamke aliyekimbia Palma anapoulizwa na mtu asiyemjua, katika kambi yenye askari, kama aliwahi kuwaunga mkono mashababi, jibu lake linatueleza zaidi juu ya askari kuliko juu ya moyo wake.

Nafsi, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kundi, na hapa pwani ya kaskazini ina historia nzito.

Wamwani wanakaa ukanda wa bahari na visiwa vya Quirimbas; lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, dini yao ni Uislamu wa karne nyingi, kazi zao ni bahari na biashara. Wamakonde wanakaa nyanda za juu za Mueda na Muidumbe, wengi wao Wakatoliki, na ndiko ilikokuwa ngome ya FRELIMO, chama cha ukombozi, baada ya risasi ya kwanza ya vita vya uhuru kule Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Baada ya uhuru wa 1975 sifa ya ukombozi ilikwenda nyandani. Msomi Liazzat Bonate ameandika jinsi mchango wa Waislamu wa kaskazini katika harakati za uhuru ulivyosahauliwa katika historia rasmi. Pensheni za wapigania uhuru zilimiminika zaidi kwa Wamakonde, na vyeo vilifuata. Filipe Nyusi, rais kuanzia 2015 hadi 2025, ni mzaliwa wa Mueda. Ni haki kuongeza hapa kwamba Mmakonde wa kawaida wa Mueda hajatajirika. Analima shamba lilelile. Lakini wenzake wa pwani hawakumlinganisha na shamba lake, walimlinganisha na ofisi iliyokaliwa na mwenye jina kama lake. Mwaka 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa meya wa Mocímboa da Praia uliobishaniwa na chama cha upinzani cha Renamo, vyama viligeuka makabila mitaani. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa.

Muzafer Sherif angelisoma hilo bila kushangaa. Mwaka 1954 aliwachukua wavulana 22 katika kambi ya likizo huko Oklahoma, akawagawa vikundi viwili, akavishindanisha kwa zawadi chache. Baada ya siku kadhaa walikuwa wakichoma bendera za wenzao. Henri Tajfel, Myahudi wa Poland ambaye jamaa zake waliangamizwa na Wanazi, alitaka kujua kama hata ushindani unahitajika. Mwaka 1971 alichapisha majaribio aliyoyafanya na wanafunzi wa Bristol, waliogawanywa kwa jambo dogo kabisa, eti nani anapenda picha za Klee na nani za Kandinsky. Hawakuonana na hawakuwa na cha kugombania, lakini walipopewa fursa ya kugawa fedha waliwapendelea wa upande wao. Jambo zito zaidi ni kwamba wengi walichagua mgawo ulioongeza tofauti kati ya pande mbili, hata pale ambapo upande wao wenyewe ungepata kidogo kuliko ungeweza kupata. Mtu yuko tayari kupoteza ili mwenzake apitwe. Wapwani wa Kenya na Tanganyika waliokuwa katika ngoma za beni wakati wa ukoloni, kundi la Marini likishindana na la Arinoti, walitumia fedha kubwa kuliko uwezo wao kwa sababu ya aina hiyohiyo.

Kwa Tajfel na mwenzake John Turner, kundi humpa mtu sehemu ya heshima yake. Kundi likidharauliwa, mtu ana njia chache: alihame, abadilishe kigezo cha kupimia, au apambane. Kijana wa Kimwani asiyekuwa na Kireno cha ofisini hangeweza kulihama kundi lake. Aliyemjia kwa jina la dini alimpa kigezo kipya, ambacho kwacho yeye ndiye aliyekuwa juu ya meya, mkuu wa wilaya, na hata shehe wa Baraza la Kiislamu. Viatu, suruali fupi na kisu vilifanya kazi hapa. Vilimtofautisha kwa macho, na vilimtofautisha na Waislamu wenzake kuliko na makafiri. Mpasuko wa kwanza ulipita ndani ya nyumba za Waislamu, na waliosimulia vita hivi kama vita vya dini mbili hawakuutazama.

Kisha ikaja gesi. Kampuni ya Anadarko iligundua hazina kubwa katika bahari ya Palma mwaka 2010. Mwaka 2019 Total ya Ufaransa ikauchukua mradi, uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 20. Katika rasi ya Afungi wakazi wa kijiji cha Quitupo walihamishwa kupisha mitambo. Palma, mji mdogo wa wavuvi, ukajaa magari, hoteli na wageni kutoka kusini, wanaoitwa vientes, waliokuwa na vyeti na Kireno cha kupatia kazi.

Watu hupenda kusema umaskini ndio uliozaa vita. Umaskini ulikuwepo Palma miaka hamsini kabla ya 2017. Samuel Stouffer, aliyeongoza uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, aliona katika kitabu cha 1949 kwamba polisi wa jeshi, ambao walipandishwa vyeo kwa nadra, waliridhika na mfumo wa vyeo kuliko askari wa jeshi la anga, ambao walipandishwa haraka. Askari wa anga aliyebaki chini alizungukwa na wenzake waliopanda. Mwaka 1966 W. G. Runciman alitenganisha uchungu wa mtu anayejiona amepunjwa yeye peke yake na uchungu wa mtu anayeona kundi lake zima limepunjwa. Wa kwanza humfanya mtu ahangaike na maisha yake, pengine ahame. Wa pili ndio unaomtoa mtu barabarani pamoja na wenzake. Kijana wa Palma aliyemwona kijana wa Maputo amevaa kofia ya mradi hakujifananisha na babu yake mvuvi. Alijifananisha na kofia ile, na akaona kwamba aliyekosa ni mtu wa pwani kwa ujumla, wala si yeye binafsi.

Juu ya jambo hili tunao ushahidi wa nadra, uliopatikana hukohuko. Mwaka 2017 Alex Armand, Alexander Coutts, Pedro Vicente na Inês Vilela waliendesha jaribio katika jamii 206 za Cabo Delgado, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la American Economic Review. Katika baadhi ya vijiji habari za gesi na mapato yake zilipelekwa kwa kiongozi wa kijiji peke yake. Katika vingine zilipelekwa kwa wananchi wote. Zilipoishia kwa kiongozi, dalili za kujinufaisha ziliongezeka. Zilipowafikia wananchi, watu waliaminiana zaidi, walishiriki zaidi mambo ya kijiji, na vurugu zikapungua karibu na maeneo yao. Gesi ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni kama mtu aliijua habari kwa pamoja na wenzake au aliisikia imevuja kutoka kwa mkubwa. Kila nikisoma matokeo hayo nahuzunika, kwa sababu Oktoba ya mwaka huohuo wa 2017 ndipo Mocímboa iliposhambuliwa, na njia ya kuwaeleza watu ukweli kwa pamoja haikuwa ghali.

Habari zisipotolewa hadharani, nafasi yake huchukuliwa na uvumi. Gordon Allport na Leo Postman waliandika mwaka 1947 kwamba uvumi hukua pale jambo linapokuwa kubwa kwa watu na ushahidi wake ukiwa haueleweki, na moja ya hayo likikosekana uvumi hufa. Kaskazini mwa Msumbiji mfano wake mchungu ni kipindupindu. Kwa miaka mingi watu wa Nampula na Cabo Delgado wamewashambulia wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji wakiwatuhumu kwamba ndio wanaosambaza ugonjwa kwa dawa ya kutia majini. Carlos Serra alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 2003. Tarehe 7 Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichojaa watu waliokimbia uvumi wa kipindupindu huko Lunga kilizama kikielekea Kisiwa cha Msumbiji, na karibu watu 100 walikufa. Ni rahisi kuwaita wajinga. Serra aliona jambo lingine: watu ambao serikali huwafikia kwa nadra, na ikija huja na amri, wana sababu ya kuuliza mbona leo imekuja na dawa ya bure.

Nimesema mengi juu ya nguvu ya kundi, na msomaji anaweza kudhani kwamba mtu hana lake. Majaribio ya Solomon Asch, ambayo yalianza kuchapishwa mwaka 1951, husimuliwa nusu. Mtu aliwekwa kati ya watu waliopangwa kutoa jibu la uongo juu ya urefu wa mistari iliyochorwa wazi. Robo tatu ya waliopimwa walifuata uongo angalau mara moja. Lakini katika majibu yote yaliyohesabiwa, thuluthi mbili yalikuwa ya kweli. Na Asch alipomweka mtu mmoja tu mwenye kusema kweli kando ya anayepimwa, kufuata uongo kulianguka mpaka karibu asilimia 5. Mwenzi mmoja alitosha.

Katika kijiji cha Xitaxi, wilaya ya Muidumbe, tarehe 7 Aprili 2020, vijana 52 waliuawa na mashababi. Polisi walisema waliuawa kwa sababu walikataa kuingia kundini. Walikuwa wa rika lilelile na waliowaua, katika mkoa uleule wenye umaskini uleule. Kila nadharia ya kwa nini vijana huingia inapaswa kupitishwa mbele ya Xitaxi kabla haijaaminiwa. Nijuavyo mimi, saikolojia ya jamii inapita mtihani huo kuliko maelezo ya umaskini, kwa kuwa inauliza kijana alikuwa na nani kando yake na alihesabiwa wa nani. Hata hivyo hainipi maneno ya kutosha kwa ushujaa wa kukataa namna ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Jina analopewa mtu hufanya kazi pia kutoka nje. Baada ya 2017 kuzungumza Kimwani, au kukosa kitambulisho, kulitosha kumfanya mwanamume ashukiwe kwenye kizuizi cha barabarani. Ripoti ya Amnesty International ya Machi 2021 ilivishutumu vikosi vya serikali kwa mauaji na mateso, kama ilivyowashutumu mashababi. Kwa mafundisho ya Cooley na ya Tajfel, askari anayemwita kila Mmwani adui anaukaza mpaka ambao mashababi wenyewe walijitahidi kuuchora. Kinyume chake kilionekana mwaka 2021. Tarehe 24 Machi Palma ilishambuliwa, na mwezi uliofuata Total ikausimamisha mradi. Julai, Rwanda ikapeleka askari na polisi 1,000, na tarehe 8 Agosti Mocímboa ikakombolewa baada ya kukaliwa na mashababi karibu mwaka mzima. Wanyarwanda walikuwa wageni wa kila namna, lakini wengi wao walizungumza Kiswahili. Katika mji ambamo jeshi la nchi liliongea Kireno na lugha za kusini, mgeni aliyeweza kumwamkia bibi wa Kimwani na kueleweka akaonekana wa karibu kuliko mwananchi mwenzake. Turner angesema kundi la wenzetu lilichorwa upya kwa lugha, na lingeweza kuchorwa hivyo miaka kumi kabla, na polisi wa Msumbiji, kama kujua lugha ya mji kungekuwa sharti la kupangiwa kazi mjini.

Taaluma hii ina mipaka, na mipaka yenyewe inatuhusu. Wanafunzi wa Stanford na wavulana wa Bristol si watu wa Quissanga. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya ushahidi wa saikolojia imetoka kwa watu wa nchi tajiri za Magharibi, ambao kwa vipimo vingi ndio wasiofanana na binadamu wengine. Hazel Markus na Shinobu Kitayama walikuwa wameeleza tangu 1991 kwamba kuna jamii ambamo mtu hujiona kwanza kama sehemu ya uhusiano. Pwani yetu ni mojawapo. Mtu ni mtoto wa fulani, ametoka jando na fulani, amechukua tarika kwa shehe fulani. Hilo halifuti alichogundua Festinger, lakini linabadilisha mahali pa kukitafuta. Dhiki ya kijana wa Kimwani inaweza kuwa ndogo pale maneno yake yanapopishana na matendo yake, ikawa kubwa sana pale anapopishana na mama yake. Wanaopanga mipango ya kuwarudisha vijana kwa kumkalisha mmojammoja mbele ya mshauri wanapaswa kulitafakari hilo.

Kuna jambo linaloonekana kupingana na hoja yangu, nami sitaki kulificha. Pedro Vicente na Inês Vilela walifanya jaribio lingine Cabo Delgado na vijana wa Kiislamu. Baadhi walipata mafunzo ya dini dhidi ya siasa kali, yaliyotolewa na viongozi wa Kiislamu wa hapohapo. Wengine walifundishwa biashara na namna ya kutafuta kazi. Badala ya kuwauliza tu wanaamini nini, watafiti waliwapa mchezo wa fedha ambamo mtu angeweza kuharibu mali ya mwenzake bila faida yoyote kwake. Mafunzo ya dini ndiyo yaliyopunguza uharibifu. Je, si ushahidi kwamba fikra hutangulia tendo?

Naona sivyo, na sababu yangu naichukua Rwanda. Elizabeth Levy Paluck alichunguza mchezo wa redio wa Musekeweya, uliotungwa kupatanisha watu baada ya mauaji ya kimbari, na mwaka 2009 akaeleza kwamba wasikilizaji hawakubadili sana imani zao binafsi. Kilichobadilika ni picha yao ya kile ambacho wenzao wanakikubali, na pamoja nayo mwenendo wao. Vikundi vilipopewa redio na betri za kugawana, waliosikiliza mchezo huo waliamua kwa pamoja namna ya kuitumia. Waliosikiliza mchezo mwingine walimkabidhi kiongozi. Kwa mwanga huo, shehe anayefundisha mbele ya safu ya vijana wanaofahamiana anawaonyesha kwamba watu wa hapa hawako pamoja na mashababi, na kila mmoja anamwona jirani yake akisikiliza. Hoja yake haiingii katika kichwa kimoja kimoja. Hotuba hiyohiyo ikitolewa na ofisa kutoka Maputo kwa kipaza sauti sidhani kama ingemgusa mtu.

Kukutanisha watu kwenyewe kuna masharti. Allport aliyaweka mwaka 1954: hadhi sawa, lengo la pamoja, ushirikiano wa kazi, na kuungwa mkono na wenye mamlaka. Oktoba 2020 maelfu ya waliokimbia walishuka kwa mashua katika ufuo wa Paquitequete mjini Pemba, wakapokewa na familia ambazo nazo zilikuwa maskini. Palikuwa na usawa wa hali, na mara nyingi udugu. Kambi za bara, ambako mkimbizi hupokea mchele na mwenyeji anatazama, hazina sharti hata moja kati ya hayo. Salma Mousa alionyesha mwaka 2020, kwa timu za soka za Wakristo na Waislamu nchini Iraq baada ya vita, kwamba kucheza pamoja huwafanya watu wawatendee vyema wachezaji wenzao, ila wema huo hauvuki uwanja kuwafikia wasiojulikana.

Kwa hiyo nina wasiwasi na Força Local, wanamgambo wa nyandani, wengi wao wapigania uhuru wa zamani na watoto wao, waliotambuliwa kisheria mwaka 2023. Walilinda vijiji vyao wakati jeshi liliposhindwa, na deni hilo ni la kweli. Lakini bunduki yenye kibali mikononi mwa upande mmoja wa mpaka uliochorwa na ghasia za 2005 itasomwa pwani kama jibu la nani ni mwenye nchi. Wamwani wangehitaji kuwa ndani ya ulinzi wa Mocímboa, wakilipwa sawa na kuvaa sare sawa, kabla kijana wao hajaambiwa tena kwamba serikali si yake.

Halafu kuna waliotekwa na mashababi. Wavulana waliochukuliwa wakiwa wadogo wamebeba mizigo, wamebeba silaha, wamejiona wakifanya hayo siku baada ya siku. Wasichana wamerudi na watoto. Kuwaambia kwamba wamesamehewa ni lazima, na bado hakuwapi tendo lolote la kujiona nalo. Kijana wa Mocímboa anayerudi anahitaji nafasi katika chombo cha kuvua, zamu katika kazi ya msikiti aliouasi, sahani moja na wajomba zake mbele ya mtaa mzima, na mkuu wa mtaa asiyemtambulisha kwa wageni kwa jina la mashababi. Mvuvi anayekatazwa kutoka baharini kwa sababu anashukiwa hubaki ufukweni akitazamwa kama mshukiwa, na kila siku anayoikaa hapo inampa sababu mpya ya kujiamini kuwa ndivyo alivyo.